Siku Mtani Alipomsifu Jenerali

Brigedia Jenerali Emosi Natakuru alistaafu jeshi akawa Katibu Mkuu wa wizara, akastaafu ukatibu akawa mwandishi, na katika kazi zote tatu alishinda kila kitu isipokuwa vita, kwa kuwa vita hakuwahi kukutana navyo. Hilo halikuwa kosa lake. Kila lilipotokea la kutokea, yeye alikuwa ameitwa kwingine: kozi, semina, tumbo la kuhara, mazishi ya mjomba. Waliokuwapo waliharibu mambo wakalaumiwa. Yeye ambaye hakuwapo alibaki msafi, na jeshi, kama ofisi nyingine yoyote, hupenda kumpandisha cheo mtu msafi.

Mara moja tu alikuwapo. Siku hiyo moja ndiyo iliyomponza.

Lakini kwanza lazima nimtaje Waisake. Watu wa Vunidilo, kijiji alikozaliwa Jenerali, na watu wa Nasaqa, kule juu mtoni, ni watani tangu zama ambazo mababu zao waliabudu mzimu mmoja. Mtu wa Nasaqa akikukuta wewe wa Vunidilo, anaweza kukutukana mbele ya mkweo na kuchukua chochote chako kilichompendeza, nawe ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Wengi hutania siku za harusi na misiba tu, wakishiba wanarudi kwenye adabu. Waisake Drodro wa Nasaqa hakuwa na siku ya kupumzika. Alikuwa koplo wakati Emosi ni luteni, na tangu ujana wao alikuwa amemchukulia kofia, redio, mwavuli, saa ya mkononi, miwani ya kusomea, na nguruwe aliyekuwa amenenepeshwa kwa ajili ya harusi ya Losalini, binti wa Jenerali. Nguruwe huyo alichukuliwa asubuhi ya harusi yenyewe. Wageni walikula samaki wa tui, wakasema hawajawahi kuona harusi nzuri kama ile.

Kilele chake kilikuwa kiti.

Jenerali alipopewa ukatibu mkuu alikuta wizara imelala. Akaiamsha kijeshi. Makarani walikaguliwa kucha asubuhi, mafaili yalipangwa mstari kama makuruta, na simu ikilia mpokeaji alitakiwa kusimama kwanza. Kazi haikusonga zaidi ya zamani, ila sasa ilikwama kwa nidhamu. Siku moja, Jenerali akiwa mezani na wafadhili kutoka ng'ambo, mlango ulifunguliwa akaingia Waisake na sulu yake ya shambani, kile kitambaa cha kujifunga kiunoni, magoti yana udongo.

"Inuka," alimwambia Katibu Mkuu.

"Waisake, nina wageni."

"Nawaona. Poleni, wageni, nanyi mmekosa mahali pa kwenda? Inuka, shemeji wa mbuzi. Kiti hiki kinazunguka, na mama yangu ana mgongo."

Jenerali aliinuka. Angefanya nini? Waisake alikibeba kiti kichwani, magurudumu juu, akashuka nacho ngazi zote akapanda nacho basi. Mkutano uliendelea Jenerali akiwa amesimama. Wafadhili, ambao hawakuelewa neno hata moja, waliandika katika taarifa yao kwamba Katibu Mkuu huyu ni mtu wa vitendo, hakai. Wiki iliyofuata wakurugenzi wote waliondoa viti vyao ofisini ili wasionekane wavivu, na wizara nzima ikafanya kazi wima mpaka miguu ikavimba. Jenerali alilisimulia hilo nyumbani akicheka hadi akalala chini kwenye mkeka. Mkewe, Akanisi, alimtazama kwa furaha, maana mumewe hakuwa mtu wa kucheka.

"Baba Losa, huyo mtu akifa kabla yako sijui nitakufanya nini," alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kukuchekesha hivyo."

"Akifa nitachukua jeneza lake," Jenerali alijibu, na akacheka tena.

Sasa, kuhusu hilo la mbuzi.

Waisake alikuwa na hadithi aliyoisimulia kila mahali palipokuwa na tanoa, lile bakuli la mbao la yaqona, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, na watu wa kulizunguka. Alisimulia kwamba walipokuwa walinda amani kusini mwa Lebanoni, kikosi chao kidogo kilikaa kwenye kizuizi cha barabara juu ya kilima. Asubuhi moja likaja gari limejaa watu wenye bunduki, wamekasirika, wanapiga risasi hewani, wanataka kupita kwenda kulipiza kisasi kijiji cha pili. Vijana wakatazamana. Luteni yuko wapi? Luteni alikuwa amekwenda kumwangalia mbuzi waliyemnunua kwa ajili ya sikukuu. Risasi ya kwanza ilipolia, Luteni aliingia ndani ya zizi akalala chini ya mbuzi.

"Si kando yake," Waisake alikuwa akisisitiza, kifuu mkononi. "Chini yake! Mbuzi kasimama, Luteni kalala, ndevu za mbuzi zinamfuta uso. Toka siku hiyo wale ni ndugu. Mbuzi alitaka hata posa."

Na yeye Waisake, asijue la kufanya, alifanya lile ambalo mtu yeyote wa Nasaqa hufanya akijiwa na wageni wenye kelele: aliwakalisha. Alitandika turubai, akakanda yaqona kwenye beseni la kuoshea vyombo, akanywa kwanza yeye ili waone si sumu, akapiga makofi yake mazito ya heshima, akampa mkubwa wao. Yule mkubwa alikinywa kitu kile cha rangi ya maji ya matope kwa sababu kukataa kungeonekana woga. Midomo ikafa ganzi. Akaishika, akaogopa, akacheka. Akaomba tena. Ilipofika adhuhuri watu wote wenye bunduki walikuwa wameegemea magunia ya mchanga, hasira hawajui wameiweka wapi, na jioni waliondoka taratibu wakiwaachia kreti la machungwa. Kijiji cha pili hakikuguswa.

Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Na hakuna aliyeamini. Huyu si ndiye Waisake aliyesema kwamba mama yake Jenerali alimwokota kwenye mtego wa samaki? Si ndiye aliyeapa kwamba masikio ya Jenerali yaliazimwa kwa popo na mpaka leo popo anayadai? Kazi ya mtani ni kupaka matope. Hivyo kweli tupu ilizunguka nchi nzima miaka na miaka, imevaa nguo za uongo, na Jenerali alikaa katikati ya duara akiisikiliza na kucheka kuliko wote.

Angebaki hapo, angekufa mtu mwenye raha.

Alipostaafu serikalini alipata muda, na mtu aliyewahi kuamrisha akipata muda huandika kitabu. Alikiita *Sikurudi Nyuma*. Alipompelekea mchapishaji sura za mwanzo, mchapishaji, mwanamume mpole mwenye kikohozi, alimwambia maandishi ni safi, yamepangika, yana adabu, ila jenerali aliyefika ukurasa wa mia bila risasi atawachosha wasomaji.

"Hakuna siku hata moja, Mheshimiwa?" aliuliza. "Siku moja tu?"

Jenerali alirudi nyumbani akaiandika ile siku moja. Aliiandika asubuhi, kwa mwandiko wake wa jeshini ulionyooka, na kalamu haikusita. Katika kitabu, Luteni alisimama peke yake mbele ya kizuizi, kifua wazi, kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Bunduki zilielekezwa kwake. Hakurudi nyuma. Mwisho adui, kwa kuona macho yake, aliondoka. Mahali fulani kando kulikuwa na "koplo mmoja aliyetayarisha vinywaji."

Akanisi alisoma akiwa jikoni, magimbi yanachemka. Alipomaliza alifunga kurasa zile akaziweka mbali na maji.

"Mbuzi yuko wapi?" aliuliza.

"Mbuzi gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule uliyeniambia mwenyewe tulipooana, ukilia. Na Waisake yuko wapi?"

Jenerali alikuwa na jibu, na alilipenda jibu lake. "Waisake amenichukulia redio, saa, nguruwe, kiti cha serikali. Sijasema kitu. Mimi nimechukua kitu kimoja tu kutoka kwake. Ndiyo mila yetu, au siyo? Mtani huchukua."

 "Haya," Akanisi alisema, akageukia sufuria. Mwanamke akisema haya kwa sauti ile, mwenye akili hurudi kufikiri upya. Jenerali alikwenda kunoa penseli.

Ilibaki hatari moja. Waisake angesoma. Waisake angesema. Hapa ndipo Jenerali alipopanga operesheni ambayo naamini ndiyo pekee ya kijeshi aliyowahi kuipanga vizuri. Alimwalika Waisake awe msemaji mkuu siku ya kuzindua kitabu. Aseme! Asimame mbele ya Waziri wa Elimu na ukumbi mzima, asimulie mbuzi, beseni, midomo iliyokufa ganzi. Watu watacheka, watafuta machozi, na watakwenda nyumbani wakijua kwamba hayo ni maneno ya mtani, na yaliyo kitabuni ndiyo ya kweli. Kadiri Waisake atakavyopiga kelele, ndivyo kitabu kitakavyosimama. Jenerali alijisikia mwerevu siku nyingi mfululizo, jambo ambalo si zuri kwa afya ya mtu.

Akampelekea nakala. Waisake aliisoma kwa miwani ya Jenerali, polepole, akiwa ameketi kwenye kiti cha wizara chini ya paa la jiko lake. Akatuma jibu fupi kwa mpwa wake aliyeendesha lori: atakuja.

Ukumbi ulijaa. Kwaya iliimba, yaqona ilizungushwa, Waziri wa Elimu aliketi mbele na suti yake ya kijivu, na wanawake wa Nasaqa walijipanga nyuma, tayari, wengine wamekwisha kuanza kucheka kwa akiba. Waisake alipanda jukwaani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, sulu ya kitambaa kizito, na tai. Jenerali alipoiona ile tai alijisikia vibaya kidogo, ila hakujua kwa nini.

"Mheshimiwa Waziri," Waisake alianza. "Waheshimiwa wageni. Mheshimiwa Brigedia Jenerali."

Vicheko. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mwambie, Waisake! Mwambie shemeji wa mbuzi!"

Waisake alisubiri wanyamaze. Akavaa miwani, akakishika kitabu kwa mikono miwili.

"Nimekisoma kitabu hiki chote. Nilikuwapo siku inayotajwa humu. Kila kilichoandikwa kuhusu siku hiyo ni kweli. Mheshimiwa Jenerali alisimama, na sisi tulikuwa nyuma yake. Ni mtu shujaa. Nchi yetu ina bahati kuwa naye. Mimi ni yule koplo aliyetayarisha vinywaji, nashukuru kwamba amenikumbuka."

Bado watu walicheka, wakidhani kibao kiko njiani kinakuja. Waisake aliendelea. Alimsifu kwa utumishi wake wizarani. Alimsifu kwa malezi ya binti yake. Alisema ana masikio mazuri yenye kusikiliza watu. Hakutabasamu hata mara moja. Vicheko vilipungua safu kwa safu, kuanzia mbele, mpaka vikabaki nyuma kabisa kwa wanawake wa Nasaqa, na hapo navyo vikakatika. Katika kimya hicho bibi mmoja alisikika akimuuliza mwenzake, "Kwani Jenerali ni mgonjwa? Anakufa?"

Waziri wa Elimu, aliyekulia ng'ambo na asiyejua lolote kuhusu utani huo, alipiga makofi kwa nguvu. Alifurahi sana. Aliambiwa atasikia matusi, badala yake amesikia hotuba fupi ya kistaarabu. Palepale alitangaza kwamba *Sikurudi Nyuma* kitasomwa shule zote.

Jenerali alipeana mikono, akapigwa picha. Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu wake wote, na hakuna aliyeweza kumsaidia kukivua. Alimtafuta Waisake kwa macho. Waisake alikuwa ameshaondoka, bila hata kumwibia kalamu.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani. Akanisi alimwona kwanza kupitia dirishani, akaita, "Ficha vyombo, Nasaqa wameingia!" kama alivyoita siku zote.  Waisake alivua viatu mlangoni, akabisha hodi, akangoja. Tangu aolewe, Akanisi hakuwahi kumsikia mtu yule akibisha hodi.

"Samahani kwa usumbufu, Mheshimiwa," Waisake alisema, Jenerali alipotoka. "Nimeleta vitu vyako."

Lori la mpwa wake lilikuwa nje. Akashusha kiti cha wizara, kitambaa kimechanika, gurudumu moja halipo. Akashusha redio iliyokufa, mwavuli uliobaki mbavu, kofia ya uluteni iliyoliwa na wadudu, saa, miwani. Mwisho akashusha nguruwe, kijana, mnene, amefungwa miguu. "Yule wa harusi tulimla," alisema. "Huyu ni badala yake."

"Waisake, acha mchezo," Jenerali alisema. "Wewe mwizi mkubwa wa Nasaqa, nani kakwambia nataka takataka zako?"

Alimtupia lile tusi kama mtu anavyomtupia mwenzake kamba majini. Waisake alilipokea kwa kuinamisha kichwa.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Siku njema. Siku njema, Mama Losalini."

Lori liliondoka. Nguruwe alilia. Jenerali alikaa kwenye kile kiti, kikazunguka kidogo chenyewe kwa ajili ya gurudumu lililokosekana, kikamgeuzia uso ukutani. Akanisi hakumwambia nilikwambia. Alikwenda kumfungua nguruwe.

Basi kitabu kikasomwa. Watoto wa shule walikariri ule ukurasa wa kizuizi. Kwenye mtihani wa taifa waliulizwa, "Eleza sifa tatu za Luteni," na wote walijibu zilezile. Watu walimsimamisha Jenerali sokoni kumshika mkono. Alialikwa kufungua madaraja. Mambo yote aliyoyataka aliyapata, na kila palipokuwa na tanoa watu walimpa nafasi ya juu, wakazungumza kwa heshima, wakaaga mapema. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kana kwamba utani wote wa Nasaqa na Vunidilo ulikuwa umepitia mlango mmoja, na mlango huo umefungwa kwa ndani.

Alijaribu. Alikwenda sokoni Suva, mji mkuu alikoishi, ambako Waisake aliuza mizizi ya yaqona, akanyakua fungu kubwa kuliko yote, akasema kwa sauti, "Hili nalichukua, na huna la kunifanya, sura ya kenge!" Wauzaji wa pembeni walisimamisha shughuli zao, wakingoja.

"Chukua, Mheshimiwa," Waisake alisema. "Ngoja nikufungie kwenye gazeti, lisichafue gari."

Akalifunga vizuri, kwa uzi. Jenerali alilibeba lile fungu hadi kwenye gari, akaketi nyuma ya usukani asiweze kuliwasha. Alipigwa vibaya siku ile kuliko adui yeyote angeweza kumpiga. Alikuwa anamkosa rafiki yake, basi. Ningeweza kulizungusha neno hilo, lakini ndilo hilo.

"Nenda," Akanisi alimwambia. "Nenda na jino."

Jino la nyangumi huwa halipelekwi ovyo. Ukimpelekea mtu tabua, ukaishika kwa mikono miwili ukaomba, na yeye akaigusa, ameshakubali. Jenerali alikuwa na moja nzuri, ya rangi ya asali, aliyopewa na babake. Aliifunga kwenye kitambaa, akavaa viatu vyake vya ngozi alivyokuwa akivipiga rangi kila asubuhi tangu ukuruta, akaendesha mwenyewe kwenda Nasaqa.

Walimpokea kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Viatu akaviacha mlangoni pamoja na kandambili za wengine. Nyumba ilijaa wanaume, tanoa katikati, Waisake ameketi na tai ileile. Jenerali alipiga magoti. Alizoea kusema mbele ya mabatalioni, lakini hapo aliinyoosha kwanza tabua kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Ile siku haikuwa yangu. Sikusimama mahali popote. Nililala chini ya mbuzi toka asubuhi mpaka machungwa yalipokuja. Waisake ndiye aliyewakalisha. Waisake ndiye aliyekunywa kwanza. Kama kijiji kile kina watu leo, ni kwa ajili ya beseni lake."

 Wazee walianza kutikisa vichwa kwa mapenzi.

"Angalieni unyenyekevu," mmoja alisema. "Jenerali mzima anajishusha ili kumpandisha koplo wake."

"Ndiyo maana kitabu kinasomwa shuleni," mwingine akaongeza. "Mjukuu wangu anakijua chote kwa moyo."

Jenerali aliwatazama mmoja mmoja. Kweli ilikuwa imekosa mtu wa kuipokea, na mwenye makosa alikuwa yeye. Akabaki anamtazama Waisake peke yake.

Waisake aliichukua tabua, akaishika kama inavyopaswa, akasema maneno ya kuipokea yote, hakuruka hata moja. Kisha akaiweka chini, na kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi akazungumza kwa sauti yake.

"Ulikuwa na ruhusa," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuja hapa ukasimama mlangoni ukapiga kelele, 'Waisake, mbwa wewe, ile siku yako naichukua, kuanzia leo ni yangu!' Ningekutukana mpaka kizazi chako cha tatu. Tungecheka. Ungeondoka nayo, nami ningekusindikiza. Kitu cha mtani kinachukuliwa mbele ya macho yake, mtu akiwa anacheka. Mimi kiti chako nilikichukua mbele ya wazungu. Wewe ulikuja kimyakimya, umenuna, ukaandika 'koplo mmoja.' Huo si utani, Emosi. Huo ni wizi. Na mwizi mimi simtukani. Mwizi naongea naye kwa adabu mpaka aondoke."

"Nimekosa," alisema Jenerali.

"Umekosa," Waisake aliitikia. "Nimepokea jino, kwa hiyo yamekwisha."

Akainuka, akaomba radhi kwa waliokaa, akatoka nje. Jenerali alisikia hatua zake zikiishia mbali. Yamekwisha. Neno la kisheria, neno la ofisini. Na yeye alikuwa ameitumikia ofisi muda wa kutosha kujua kwamba jambo linaweza kwisha bila kupona. Alikunywa kifuu alichopewa, akapiga makofi yake, akanywa kingine, akamngoja. Waisake hakurudi. Mwishowe Jenerali aliaga, akajikaza, akatoka.

Mlangoni kandambili zote zilikuwapo. Viatu vyake havikuwapo.

Alizisogeza zile kandambili kwa kidole cha mguu. Akachungulia chini ya ngazi. Akasimama pale akiwa na soksi za khaki, mzee wa miaka sabini na kitu, moyo unamwenda mbio kama kuruta aliyesikia jina lake likiitwa. Akavua soksi. Akashuka akakanyaga changarawe, ikamchoma, akaenda nayo hivyohivyo akichechemea hadi lilipo gari.

Waisake alikuwa ameegemea mlango wa dereva. Tai alikuwa ameivua, ameifunga kichwani. Viatu vilikuwa vidogo kwake, visigino vinaning'inia nje kama magimbi yaliyozidi kikapu, na alikuwa amekwisha kuvitembeza kwenye matope kwa makusudi.

"Vinabana!" alipiga kelele, na wanawake waliokuwa mtoni wakanyanyua vichwa. "Jamani, hivi ni viatu vya mtu au vya kwato? Shemeji wa mbuzi hata miguu amegawana na mkewe!"

Mto mzima ukalipuka kwa vicheko. Jenerali alifungua mdomo ajibu, yakatoka machozi kwanza. Akayafuta kwa soksi.

"Nipe viatu vyangu, mwizi wa Nasaqa. Sura kama nyuma ya kenge."

"Hupewi. Unaona navichukua mbele ya watu, au huoni?"

"Naona."

"Basi nenda kaandike kitabu."

Akaondoka zake akitembea kwa mbwembwe, visigino nje, akawaonyesha wanawake mguu mmoja kisha mwingine. Jenerali aliingia garini. Aliendesha miguu mitupu mpaka Suva, na kila alipokanyaga breki, changarawe iliyonasa unyayoni ilimchoma, naye akacheka peke yake.

Akanisi alimkuta kwenye ngazi akisugua miguu. Aliitazama, akatazama mlangoni pasipo na viatu, akakimbilia ndani kuficha vyombo.